Jina Nililoandika kwenye Tableti

Tableti zilifika Lodwar zimefungwa ndani ya katoni ya biskuti. Mkufunzi aliyetoka nazo Nairobi alituambia alifanya hivyo makusudi, ili mtu atakayechungulia mizigo njiani aone biskuti na apite. Tulicheka. Wengi wetu tulikuwa tumemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani tu, na sasa tulikuwa tumeajiriwa kwa miezi michache kusajili wazee wa vijijini ambao wangepewa chakula cha msaada. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2013, kabla ya uchaguzi. Ukumbi wetu ulikuwa wa mabati matupu, na kufikia saa nne asubuhi hakuna aliyethubutu kuegemea ukuta.

Siku hizi watu wanasema kishikwambi. Sisi neno hilo hatukuwa nalo. Tuliita tableti, na wengine waliita simu kubwa, ijapokuwa haikuweza kumpigia mtu.

Kabla ya siku ile nilikuwa nimeiona tableti mara moja tu, mikononi mwa mgeni aliyekuwa akisubiri ndege: nyembamba, inang'aa, picha zinateleza kwa kuguswa kidogo. Yetu haikuwa hivyo. Ilikuwa nene lakini nyepesi mno, kana kwamba waliotengeneza walisahau kutia kitu ndani. Ukiufinya mgongo wake wa plastiki ulilia. Kioo hakikusikia kidole, ilibidi ubonyeze kwa ukucha, na hata hivyo herufi ilichelewa kutokea. Ukidhani haijaingia unabonyeza tena, halafu zinakuja mbili. Betri haikufika mchana. Na kila chaji ilipoisha kabisa, ukiiwasha tena ilikuwa imesahau tarehe, inasema ni mwezi wa kwanza mwaka wa 1970. Mkufunzi alituonya tuirekebishe kila mara, la sivyo fomu zetu zingeonekana zimejazwa kabla hatujazaliwa.

Kilichonisumbua hasa ni kamera. Ilikuwa moja tu, ya mbele. Kumpiga mtu picha ilibidi umgeuzie kioo, kisha upapase kitufe cha pembeni bila kuona unachokipiga. Yeye anajiona, wewe unaona mgongo wa plastiki. Na picha yenyewe ilikuwa na rangi ya majivu. Haikufanya kama kioo cha kujitazamia, bali kama mtu aliyesimama mbele yako: ukiinua mkono wa kulia, aliye ndani anainua wa upande wa pili. Tena anachelewa. Unatabasamu, unangoja kidogo, ndipo na yeye anatabasamu.

Nilijijaribu siku hiyo ya kwanza, nimekaa kwenye benchi la nyuma. Nilipopepesa, nikaona macho yangu yamefungwa. Ilikuwa kwa nukta moja tu, kwa sababu ya kule kuchelewa: mimi nilikuwa nimeshafumbua, yeye alikuwa bado amefumba. Sikuwahi kuuona uso wangu umefumba macho. Niliigeuza tableti kifudifudi mezani nikaenda kunywa maji.

Nilipangiwa Kakuma. Nilipata chumba mjini, na kila asubuhi nilivuka kwenda kwenye kambi ya wakimbizi kuchajisha kwa mfanyabiashara mmoja wa Sudan Kusini aliyekuwa na jenereta. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mpole, na duka lake la unga na mafuta lilijaa nyaya na simu za watu zilizopangwa kwenye rafu. Mara ya kwanza alipoishika tableti yangu aliipima mkononi akatikisa kichwa.

"Dada yangu, hii kitu imechoka tangu kiwandani," alisema. "Lakini tutaipa moto kila siku, itaenda pole pole."

"Kazi ni miezi mitatu tu, kaka."

"Miezi mitatu itajaribu," akasema, akaichomeka.

Kutoka hapo nilitembea, ama nilipanda pikipiki, hadi kwenye maboma ya ng'ambo ya laga, ule mto mkavu ambao maji hupita mara chache kwa mwaka. Nilikuwa naongea Kiturkana cha baba yangu, ingawa kilikuwa na kutu ya mjini. Wazee walinipokea vizuri. Wengine walijitazama kwenye kioo wakacheka mpaka wakakohoa. Mzee mmoja aliitemea mate kidogo, kwa baraka, na ikanibidi kuifuta kwa shuka yangu.

Wiki ya pili nikafika kwenye boma la bibi mmoja aliyekuwa akiishi na mkaza mwanawe. Mwanawe mwenyewe alikuwa na mbuzi mbali, upande wa Lokichoggio. Mkaza mwana alichoma makaa ya miti ya mathenge na kuyauza kambini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, vidole vyeusi, mwenye haraka. Bibi alikaa kwenye ngozi mlangoni mwa kibanda, shanga zimejaa shingoni hadi kidevuni. Nilimwamkia, "Ejok, Ata," kama tunavyowaita bibi zetu, akanijibu kwa sauti nyembamba iliyo wazi.

Hakuwa na kitambulisho. Wazee wengi wa rika lake hawakuwa nacho, na kwa watu kama hao tuliambiwa tuandike jina wanalotutajia na tupige picha, basi. Nikampiga picha kwanza. Nilimgeuzia kioo, nikawa napapasa kitufe.

Niliona uso wake ukibadilika. Mdomo ulifunguka, mkono ukaenda juu, ukasimama hewani. Kisha akasema neno moja, polepole, na neno hilo ni lile ambalo mtoto wa Kiturkana humwitia mama yake.

Mkaza mwana aliyekuwa akifunga gunia alicheka. Bibi hakucheka. Alisema tena, "Mama." Akangoja. Na nadhani, kwa kuwa mimi sikuweza kuona, yule wa ndani alichelewa kidogo, kisha midomo yake ikasogea, kama mtu anayejibu.

"Ata," nikamwambia, "huyo ni wewe."

"Mimi namjua mama yangu."

"Ni picha yako, Ata. Mashine inachukua uso wako, inakurudishia."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgeni aliyekosea njia. "Uso wangu naujua kwa mkono," alisema, akajipapasa shavu. "Huyu ni mama. Ametoka majivuni. Mwangalie alivyo na majivu."

Mkaza mwana alikuwa na kioo kidogo cha duara, cha kujitazama jicho likiingiwa na takataka. Alikileta, akamwekea mbele: "Ona, hata hapa uko." Bibi alikitazama, akaona jicho moja na kipande cha pua, akakisukuma kando. Hapo hapo tableti ikazimika. Betri ilikuwa imeisha. Bibi alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika, akaishika tableti kwa mikono miwili na kuigonga taratibu kwa vidole, kama mtu anayebisha mlango.

"Amekwenda wapi?"

"Imeisha nguvu, Ata. Kesho nitakuja."

"Njoo naye," alisema.

Ningeweza kumaliza fomu yake kwa dakika tano siku iliyofuata na kwenda zangu. Nilikuwa na maboma mengine mengi. Lakini nilirudi kesho yake, na keshokutwa, kila mara nikianza kwake wakati chaji bado iko. Nilijiambia ninamfurahisha mzee. Ukweli ni kwamba nilitaka kusikia atamwambia nini.

Alimwambia mambo ya kawaida. Nani ameolewa, nani amekufa, ng'ombe waliochukuliwa na maadui zamani, jinsi laga ilivyohamisha njia yake. Alinyamaza baada ya kila habari, na kila mara alionekana kuridhika na jibu. Siku ya tatu jua lilizunguka likatufikia, kioo kikawa cheusi, na kabla sijasema kitu bibi aliikumbatia tableti, akajiburuta kwa makalio hadi upande wa pili wa kibanda kwenye kivuli, akaiweka kwa uangalifu juu ya ngozi. Alipoinua kichwa, machozi yalikuwa yanamtoka.

Ndipo akanieleza, bila kuulizwa. Alikuwa msichana, shanga zake bado chache. Mwaka huo ukame ulikuwa mkali na watu wao waliamua kuhama kuelekea milimani. Mama yake hakuweza tena kutembea, na punda wote walikuwa wamekufa. Walimwachia kibuyu cha maji na moto, kama ilivyofanywa. Yeye, binti, ndiye aliyeondoka wa mwisho.

"Aliniomba kitu kimoja," bibi alisema. "Hakusema msiniache. Alisema, nisogeze kidogo upande ule, jua la alasiri lisinifikie. Watu walikuwa wananiita. Nikasema, narudi sasa hivi."

Aliisogeza tableti ndani zaidi ya kivuli.

"Sikurudi," alisema.

Mkaza mwana alikuwa amesimama nyuma yangu, mzigo wa makaa kichwani. Baadaye aliniambia kwamba aliishi na mama mkwe wake miaka yote hiyo na hakuwahi kusikia neno lolote juu ya jambo hilo.

Nilifungua fomu ili tumalize. Nikamwomba bibi jina lake. Akanitajia jina, na mkaza mwana akasema upesi, "Hilo si lake. Hilo ni la mama yake."

"Picha ni ya nani?" bibi aliniuliza.

Niliitazama fomu.

"Mliyempiga picha ni mama. Andikeni mama. Chakula apewe yeye. Yeye ndiye aliyekufa na njaa."

"Ata, aliyekufa hapewi chakula."

"Mmekuja na mashine inayowaleta, halafu mnasema hamuwapi chakula?"

Mkaza mwana aliniambia niandike jina la kweli. Alisema waziwazi, nami nilimsikia. Lakini bibi alikuwa ameniwekea kiganja chake juu ya goti langu, kikavu, chepesi kuliko ile tableti, na mimi nikajiambia kwamba jina ni jina, chakula kitaingia boma lile lile, na siku ya kugawa nitakuwepo nimwambie asimame. Nikabonyeza kwa ukucha, herufi moja moja, zikitokea kwa kuchelewa, hadi jina la marehemu likakamilika kwenye mstari wa juu. Silitaji hapa. Si langu kulitaja tena.

Siku ya kugawa chakula ilifika baada ya uchaguzi. Tulikutana kwenye uwanja wa shule moja, asubuhi, wazee wamekaa mistari mistari na jamaa zao nyuma. Bibi alikuja kwa miguu. Alikuwa amepakwa mafuta na rangi nyekundu, amevaa ngozi yake nzuri, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni. Nilimfuata nikainama sikioni.

"Ata, wakiita jina la mama, wewe simama."

"Kwa nini nisimame? Anaitwa yeye."

Mwenye kipaza sauti alikuwa kijana wa mjini, hakujua lolote. Alisoma orodha moja baada ya nyingine, na wazee walisimama mmoja mmoja wakienda kutia kidole gumba. Kisha akasoma jina lile.

Sikuwa nimefikiri kwamba wengine wangelijua. Katika mstari wa mbele palikuwa na wazee wawili watatu wa rika la bibi, watu waliohama naye mwaka ule. Niliona mmoja wao akigeuka ghafla, mwingine akishika kifua. Mazungumzo yalikatika kuanzia mbele, kimya kikaenda nyuma mpaka kikafika kwa watoto langoni. Kijana akadhani hawajasikia. Akaliita mara ya pili, kwa nguvu. Akaliita mara ya tatu.

Bibi hakusimama. Alikuwa amegeuza uso upande wa laga, kwenye njia inayotoka milimani, anaangalia. Na mimi, Mungu anisamehe, niliangalia huko pia. Watu wote tuliangalia. Njia ilikuwa tupu, vumbi jembamba linapita juu yake. Ningeweza kwenda kumnong'oneza yule kijana. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Sikwenda.

"Hayupo," kijana akasema, akapiga mstari, akaendelea.

Watu walipoondoka bibi alibaki pale pale. Mkaza mwana alinijia. Hakupaza sauti.

"Umeita maiti mbele ya watu," alisema. "Na huyu anarudi mikono mitupu. Nitamlisha nini mimi? Hiyo mashine yako?"

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia nitakwenda kwa msimamizi wangu, nitasahihisha, mgao ujao atapata. Akasema mgao ujao si leo, na alikuwa na haki. Nilinunua unga na mafuta dukani kwa yule mchajishaji wangu nikawapelekea bomani siku iliyofuata, na nilipofika sikuitoa tableti kwenye mkoba.

Bibi alikuwa amekaa mahali pake. Nilitarajia kumkuta amevunjika. Alikuwa ametulia, akinitazama kwa macho makavu.

"Hakuja," alisema.

"Nisamehe, Ata."

"Kwa nini? Ameitwa mara tatu, kwa sauti ya chuma. Hakuna asiyesikia sauti ile. Kama angekuwa na hasira na mimi angekuja. Angesimama pale mbele ya watu wote aseme, huyu ndiye aliyeniacha juani." Akakuna mkono. "Amesikia, hakuja. Basi."

Yeye alikuwa ameachiliwa, kwa namna alivyoielewa mwenyewe. Mimi ndiye niliyetoka pale nimebeba kitu. Kwa wiki nyingi, mtu yeyote aliposhika kipaza sauti, kanisani ama kwenye mkutano wa chifu, nilikuwa nikianza kuangalia njia.

Msimamizi alinikaripia, akaniandikia onyo, akanipa ruhusa ya kumsajili upya. Nilikwenda mara ya mwisho na tableti, sasa ufa umepita kwenye kona ya kioo. Nilimgeuzia bibi kioo. Alijitazama kwa muda mrefu, akainua mkono, akangoja mpaka yule wa ndani na yeye akainua wake.

"Na huyu?" nikamwuliza.

"Huyu ni mimi," alisema. Akatazama tena. "Nimezeeka sana. Hawakuniambia."

Nikaandika jina lake.

Alipata mgao uliofuata, na mwingine. Kazi ikaisha. Tulirudisha tableti Lodwar, na mkufunzi akazifuta moja baada ya nyingine ili ziende kutumika wilaya nyingine. Nilisimama karibu naye alipofika kwenye yangu. Aliniuliza kama kuna kitu changu ndani nataka kukihifadhi. Nilisema hakuna.

Mwishoni mwa mwaka, mvua zilipokuwa zimeanza, yule mfanyabiashara wa kambini alinipigia simu. "Dada yangu, yule mama wa makaa yuko hapa kwangu. Anakutaka." Akampa simu, na mkaza mwana akaniambia kwamba bibi amefariki. Walikuwa wameshamzika. Watu wa kanisa walitaka kumwombea Jumapili na wakauliza kama kuna picha ya kuweka mbele, naye akakumbuka mashine.

Nilikwenda Kakuma kwa sababu sikuweza kumwambia kwa simu. Nilimkuta bomani, nikamweleza kwamba picha zote zilifutwa, ile ya kwanza na ile ya pili. Alinisikiliza akiwa anapanga kuni.

"Hakuwa na nyingine maisha yake yote," alisema.

"Najua."

"Na ulikuwa nazo mkononi."

"Ndiyo."

Alinipeleka kwenye kaburi, rundo la mawe karibu na zizi, akanipa tumbaku kidogo niiweke juu kama wanavyofanya. Niliiweka. Tulisimama hapo mpaka mbuzi wakatuzunguka. Wakati wa kuagana akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikasema yuko Lodwar.

"Una picha yake?"

Nikafikiri. Nilikuwa na picha moja, ya harusi ya mtu mwingine, mama amesimama mwisho wa mstari, nusu uso umefunikwa na kofia ya mtu. Nikamwambia hivyo. Mkaza mwana akaguna tu, akarudi kwenye kuni zake.

Nilifika Lodwar kesho yake kabla ya saa sita. Mama alikuwa uani anafua, kanga imekunjwa kiunoni. Aliuliza safari ilikuwaje, nikasema barabara imeharibiwa na mvua. Nilikuwa na simu yenye kamera mfukoni, na niliigusa, lakini sikuitoa. Nilivuta beseni la pili, nikakaa mbele yake, nikaanza kusuuza.